Za Kusafisha

Mtaani pale hakuna aliyemjua kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Tulia, kwa sababu kwa miaka arobaini na moja hilo ndilo neno alilowaambia watu kabla hajabonyeza kamera: tulia, tulia hapo hapo, usipumue. Aliwatuliza maharusi, watoto wenye kamasi na wazee waliogombana na kola za mashati yao. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la buluu, stuli ya kuzunguka na taa mbili, na nyuma ya kaunta ilikaa kompyuta ya mezani aliyoinunua shingo upande baada ya filamu kuadimika.

Kazi aliisomea gizani. Fundi aliyemfundisha alikuwa na chumba kisicho na dirisha, mabeseni matatu ya dawa na waya wa kuanikia, na humo ndimo picha zilimosafishwa. Siku hizi watu husema kuprinti. Kwa Tulia picha ilipigwa, ikasafishwa, kisha mwenyewe akaja kuichukua, na hakutaka kusikia lugha nyingine. Fundi wake aliweka maboksi mawili, moja limeandikwa ZA KUSAFISHA na la pili ZILIZOSAFISHWA, na mle ndani hapakuwa na dhambi kubwa kuliko kuyachanganya. Tulia aliyachanganya mara moja tu, akalambwa kofi ambalo, kwa maneno yake, bado linamwasha mvua ikikaribia. Kompyuta ilipoingia, kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua folda mbili na kuzipa majina yale yale.

Sasa kompyuta hiyo ilikuwa imeanza kumletea vitisho. Kila asubuhi kisanduku kilijitokeza katikati ya kioo kikisema mfumo wake umepitwa na wakati, na baada ya mwisho wa mwezi hautalindwa tena. Chini yake palikuwa na kitufe: Sasisha sasa. Tulia, aliyeona miwani ni mambo ya wazee, alisoma safisha sasa, akakaa wiki nzima akilifuta vumbi lile sanduku la watu kwa kitambaa kibichi na kushangaa kwa nini haliridhiki. Mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, fundi wa kompyuta za shule, ndiye aliyemfumbua macho, na alifanya hivyo bila kucheka, maana mkwe hamcheki mkwewe.

"Ni kusasisha, baba, siyo kusafisha," alisema. "Ingawa kwa hii yako itabidi tusafishe kwanza, ndipo tusasishe."

Mfumo mpya ulitaka gigabaiti ishirini na moja, na diski ilikuwa imebakiwa na mbili. Mkwe akashauri inunuliwe diski ya nje, picha zihamishiwe huko. Tulia akakataa katakata. Alishawahi kuwa nayo, ikaanza kugonga ndani kama mtu aliyefungiwa, ikafa na harusi mbili tumboni. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi ikabaki kuchagua nini kifutwe, au kuiacha kompyuta kama ilivyo. Lakini ofisi ya vitambulisho ilikuwa imekataa picha za karatasi, ikitaka zitumwe kwa mtandao, na mfumo ule wa kale haukuweza hata kuufungua ukurasa wao. Wateja walikaa kwenye stuli, wakasubiri, wakaomba radhi, wakavuka barabara kwa mpinzani.

Hilo angeweza kulivumilia. Kilichomnyima raha ni dada yake.

Dada ndiye aliyemlea Tulia baada ya mama yao kufariki. Alimwogesha, alimpeleka shule, na ndiye aliyempeleka kwa yule fundi wa gizani. Na katika miaka yote hiyo hakukubali kupigwa picha hata mara moja. Ukiinua kamera, mtandio ulishafika usoni. Alisema picha hukushika siku moja, kisha ikawadanganya watu kwamba ulikuwa hivyo maisha yako yote. Mganga hajigangi: mpiga picha wa mtaa mzima, na nyumbani kwake hapakuwa na sura ya dada yake, si ukutani, si kwenye albamu, si popote.

Miezi miwili nyuma alikuja studio mwenyewe, amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Hakueleza. Alikaa kwenye stuli, akauteremsha ule mtandio mpaka mabegani, akasema, piga kabla sijabadili mawazo. Tulia alipiga kumi na moja. Neno lake la siku zote halikumtoka. Alizihamishia kwenye kompyuta, akaifuta kadi ya kamera kama alivyofanya kila jioni, akaagiza karatasi nzuri ya kuzisafishia. Karatasi haikuja upesi. Kilichokuja upesi ni ugonjwa wa dada yake, na ndipo alipoelewa kwa nini mtu aliyekimbia kamera miaka sabini alikuja kuitafuta kwa miguu yake.

Kompyuta nayo ikaanza kuganda. Ilifunguka kwa nusu saa, mara nyingine ikazima katikati ya kazi. Tulia alimuuliza mkwe itakuwaje ikizima moja kwa moja.

"Ikizima yenyewe, baba, siwezi kukuahidi kitu."

Akaamua. Zile zilizosafishwa zifutwe. Ilimuuma, ni miaka kumi na minane ya nyuso za watu, lakini wenyewe wanazo kwenye kuta zao. Zile za kusafisha zibaki. Picha za dada, ambazo alikuwa amezitupa juu juu kwenye uso wa kompyuta, akaziingiza ndani ya folda hiyo kwa mkono wake, mahali alipopaamini kuliko kabati lake la nguo. Alipomaliza alijisikia mwepesi. Sijui kwa nini binadamu hujisikia mwepesi kabla ya mambo kama haya.

Alhamisi asubuhi mkwe alikuwa ndiyo kwanza ameweka begi chini, muuguzi akapiga simu kwamba mgonjwa amebadilika, ndugu waje. Tulia alichukua koti. Mkwe akamuuliza haraka kipi afute, kipi aache. Alishauliza mara mbili wiki hiyo, akajibiwa tu kwamba majina yapo, na Tulia, mguu mmoja nje, hakuwa na subira ya mara ya tatu.

"Kila folda ina jina lake. Soma jina, ufuate. Na usinipekulie picha za watu."

Wodini simu huzimwa. Dada alikuwa akihema kwa shida, lakini kufikia adhuhuri dawa ilimtuliza, na Tulia akarudi studio saa tisa akiwa na shukrani mdomoni. Kompyuta ilimpokea kwa kioo king'aavu. Ilifunguka kabla hajavuta kiti. Ukurasa wa ofisi ya vitambulisho ulikuwa wazi, unangoja. Akamsifu mkwe wake, akamwita bingwa. Kisha akatafuta folda na akaiona moja tu, ZILIZOSAFISHWA, imejaa mpaka pomoni.

"Ya kusafisha iko wapi?"

"Nimeisafisha, baba," mkwe akajibu, na bado alikuwa akitabasamu kwa zile sifa.

Alieleza yote, na kila neno lilikuwa la mtu mwenye akili timamu. Alikuta folda mbili. Moja ilisema imekwisha kusafishwa, akaiacha. Nyingine ilisema ni ya kusafisha. Alipiga simu mara tatu kuhakikisha, haikupatikana. Hakuifungua kwa sababu alikatazwa kupekua, na hata angetaka, mashine ilikuwa inaganda. Akafuta, akamwaga na pipa la taka ili nafasi itoshe, mfumo mpya ukaingia, ukalala pale pale palipokuwa na picha. Alipata akili filamu zikiwa zimekwisha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba picha husafishwa.

Tulia hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi? Yeye mwenyewe alisema soma jina. Alikaa kwenye stuli ya wateja. Mkwe alipoelewa kilichokuwemo alilia waziwazi, kisha akafuta uso akaingiza programu ya kuokoa vilivyofutwa, ikachimba mpaka jioni. Ilitoa vipande vya harusi za watu. Ya dada ilitoa moja: mguu wa stuli, pindo la gauni la kijani, na kuanzia hapo kwenda juu, kijivu kitupu.

Kesho yake Tulia alikwenda hospitali na kamera shingoni. Dada alikuwa macho. Alikuwa amekonda mpaka meno yameonekana makubwa, lakini mkono ulikuwa na nguvu za kutosha kuuvuta mtandio mpaka kwenye pua.

"Weka hiyo chini," alisema. "Hii siyo sura ya kumwachia mtu. Ile ya siku ile inatosha."

"Moja tu, dada."

"Nimekataa. Nilitoka vipi ile?"

Tulia alitazama dirisha, akatazama chupa ya maji yanayodondoka kwenye mrija. "Ulitoka vizuri," akasema. "Ulikuwa unataka kucheka."

Dada akatikisa kichwa, ameridhika, akamwambia basi aisafishe kubwa, iwekwe mbele watu wakija. Tulia akaitikia. Haukupita muda dawa ikamchukua, mkono ukalegea, mtandio ukateleza mpaka kidevuni, na uso wake wote ukabaki wazi. Kamera ilikuwa mapajani, imewashwa. Tulia aliizima, akaiweka chini ya kitanda, akasogeza kiti karibu. Akamsoma kwa macho, akaanza na paji la uso, akashuka polepole, mpaka muuguzi alipokuja kumwambia muda wa wageni umekwisha.