Samaki Niliyekataa Kumshindisha Njaa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mapokezi alinipeleka moja kwa moja kwenye tangi la kioo lililokuwa ukumbini, refu kama kitanda. Ndani alikaa samaki mmoja tu, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, mpana kama sahani. Wenyewe humwita oska. Mwenye hoteli alimwagiza ng'ambo miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila tajiri wa Moshi akitaka kitu ambacho jirani hana.

"Huyu anakula samaki wenzake," Mkuu wa Mapokezi aliniambia, "tena wakiwa hai. Kazi yako ndiyo hiyo."

Kwetu Uru walicheka. Wazee wetu wengi hawakugusa samaki kabisa, sasa mke wa mtu anashuka mjini kila asubuhi kwenda kumlisha samaki, samaki. Mama mkwe alisema ni laana. Nilimjibu kwamba kahawa ya kihambani, shamba letu la nyumbani, haisomeshi tena watoto, na laana inayosomesha nitaibeba.

Perege wadogo walitoka bwawani, wakaletwa na wachuuzi wa mtaa wa Pasua kwenye madumu. Sikuwatia tangini siku hiyohiyo. Waliwekwa kwanza karantini, yaani pipa la pembeni, mpaka nione hawana ugonjwa. Huko niliwalisha pumba, maana samaki mwenye tumbo tupu hamshibishi anayemla. Kisha niliwachota wachache kwa wavu na kuwaachia taratibu. Oska alitulia kama hakuwaona, halafu mdomo ukafunguka na mmoja hayupo. Hakuwa katili, alikuwa anakula. Wanaoniuliza kama sikuwahurumia wale wadogo, huwa nawauliza kuku wao wa Krismasi alikufaje.

Baadaye akaja Meneja mpya kutoka Dar es Salaam. Aliniita mbele ya tangi.

"Jumamosi tuna wageni wa kupanda mlima. Kuanzia leo usimpe huyu kitu. Nataka siku hiyo awararue hao perege, watu waone."

"Ana siku zake za kula, bosi. Ijumaa ni mojawapo."

"Ratiba hapa napanga mimi."

"Ya wafanyakazi, sawa. Lakini sitamshindisha kiumbe na njaa ili watu wapige makofi."

"Mama Felista, unajua ni wangapi wako getini wanaitaka kazi hii?"

"Najua. Wengine ni ndugu zangu."

Ijumaa nilimlisha, mchana kweupe, Meneja akinitazama kutoka kaunta. Jumamosi wageni walilizunguka tangi na kamera zao. Meneja mwenyewe akamimina perege. Oska alikuwa chini, ameshiba, na wale wadogo wakamzunguka bila hofu. Wageni walisubiri kidogo, wakaenda kula.

Jumatatu nilihamishiwa chumba cha kufulia. Meneja akatangaza kwamba nikimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, nitarudishwa. Mkuu wa Mapokezi alinifuata kwenye mashuka.

"Omba tu radhi, mama, yaishe."

"Radhi huombwa na aliyekosa," nilimwambia. "Mimi nimekosa nini?"

Akarudi kaunta, nami sikuomba. Nikabaki hukohuko miaka yote, sabuni ikinichubua mikono. Kazi ya tangi alipewa mfanyakazi mwingine, naye akatii, akamshindisha oska na njaa. Jumamosi nilisikia makofi kupitia ukutani, nami nikazidi kukamua mashuka kwa hasira. Oska alipokufa hakuna aliyeniambia. Nilipita tu ukumbini nikakuta tangi limejazwa maua ya plastiki.

Siku ya kustaafu kwangu walinichinjia ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Meneja wa wakati huo, kijana mwenye adabu, aliniamkia shikamoo, kisha akaniuliza mbele ya watu kama kuna jambo ningelifanya tofauti katika utumishi wangu. Nadhani alitegemea shukrani.

"Lipo," nilisema. "Ningetoka kule kufulia kila Ijumaa nikamlishe yule samaki, mpaka mnifukuze."

Nikaketi, nikaomba kisu, nikakata nyama yangu.