Wake Sita wa Mfalme Katika Kichochoro Chetu

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki. Niliosoma nao nawakumbuka wote, na wake zao, na nani alimwacha nani. Hapa sitataja jina hata moja, maana mtaa wetu wa Rwezamenyo una watu wa kesi.

Mjukuu wangu alikuwa anasoma Remera, shule ya mtaala wa Kiingereza, ile ambayo mtoto anafanyia mtihani hapa Kigali na karatasi zinasahihishwa Uingereza. Chuo kimoja cha huko kilishamwandikia: njoo, lakini kwanza ufaulu historia. Na historia alishaanguka mara moja. Hii ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Kilichomshinda ni mfalme mmoja wa zamani aliyeoa wake sita.

"Bibi, wananichanganya. Nani aliachwa, nani aliuawa, sijui."

"Yewe! Sita tu? Nisomee."

Akanisomea, nami nikawagawia nyumba za kichochoro chetu. Wa kwanza, aliyeachwa, nikampeleka kwa fundi cherehani. Wa pili, aliyekatwa kichwa, kwa mama wa sambusa, mlango wa kijani. Wa tatu alifariki kwa uzazi, akaenda kwa mkunga. Wa nne alikataliwa kwa sababu hakufanana na picha yake. Huyo, kwa mpiga picha. Wa tano naye alikatwa kichwa, nikampeleka kwa kinyozi. Wa sita ndiye aliyemzika mfalme. Huyo nilimweka kwangu, maana mjane ni mimi.

Kila jioni tulipita mlango kwa mlango, yeye ananyoosha kidole na kutaja. Wiki mbili tu, akawa hakosei.

Siku ya mtihani akafumba macho, akaanza kunyoosha kidole hewani. Msimamizi akadhani anawapa wenzake majibu. Akaandika ripoti, na mimi nikaitwa shuleni.

"Mama," mwalimu mkuu akaniambia, "ripoti hii ikifika Uingereza, mtihani wake unafutwa."

"Mwalimu, mtoto alikuwa anapita nyumba kwa nyumba."

"Nyumba gani?"

Nikasimama, nikafumba macho, nikanyoosha kidole. Nikaanzia kwa fundi. Nilitaja malkia, yaliyompata, na mwenye nyumba, na watoto wa mwenye nyumba. Msimamizi, naye aliitwa humo ofisini, alikuwa amefungua kitabu, ananifuata kwa kalamu. Kwa mpiga picha akanisimamisha.

"Huyu aliachwa kwa nini?"

"Picha ilikuwa nzuri kuliko yeye."

Akakohoa, kisha kikohozi kikageuka kicheko. Ripoti akaichana mwenyewe.

"Mama, wewe ungefaulu," mwalimu mkuu akasema.

"Ningefaulu, ila kuandika kungenishinda."

Matokeo yalipotoka, mtoto amefaulu. Si kwa kishindo, lakini chuo kilimpokea, tena kusoma historia hiyo hiyo. Siku ya kumuaga nikaagiza sambusa, na yeye kwa furaha akawasimulia majirani habari ya milango. Watu walicheka, isipokuwa mama wa sambusa. Aliweka beseni chini.

"Kinyozi naelewa, kazi yake ni vichwa. Mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, jirani. Mlango wako wa kijani hausahauliki."

"Basi nihamishie kwa yule mjane."

"Pale ni pangu."

Akabeba beseni lake, na sambusa zilizobaki humo humo.

Mtoto akaondoka. Wiki iliyofuata mama wa sambusa akapaka mlango wake rangi nyeupe, nyeupe kama ya fundi, kama ya mkunga, kama ya watu wote. Mjukuu wangu alipopiga simu nilimweleza, nikidhani atacheka.

"Bibi, nenda ukamwombe msamaha. Mwambie aurudishe kijani. Nina mtihani Ijumaa."