Mguu wa Fundi wa Maabara

Wakazi wa Rumonge, nyamazeni kwa heshima: yupo kati yetu mtu anayesaka protini ndani ya kipande cha titi kidogo kuliko jicho la ndagala, dagaa wetu wa ziwani! Mtu mwenyewe, fundi wa maabara, hufuta hadubini kwa pindo la koti, akachungulia, akafuta tena, huku mguu wake ukipiga sakafu kama cherehani.

Mariyamu, muuza mawese, amesimama dirishani. Saratani anayo, ameshaambiwa. Kipande chake kikigeuka kahawia, protini ile imo na vidonge vitamfaa, kisipogeuka ni kazi bure. Mara mguu ukatulia. Mariyamu akang'ang'ania nondo za dirisha.

"Fundi, mbona mguu iko kimya? Iko mubaya?"

"Kimegeuka, mama. Vidonge vitakufaa. Mguu umekufa ganzi."