Nilimfuta Marehemu, Kiwanja cha Mama Mdogo Kikaenda Naye

Admin, naomba jina langu lisionekane kabisa, maana ndugu zangu wengi wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, bado sijajaliwa mtoto. Kwetu ni Mlingotini. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, akanilea mdogo wake, na huyo ndiye mama ninayemjua. Nilisomea kompyuta, sasa naandika programu kwenye kampuni binafsi inayopima na kuuza viwanja upande wa Mapinga.

Mfumo wa kuwaandikisha wenye viwanja niliutengeneza mimi. Kwa wasioijua kazi hii, ndani ya programu mtu na kiwanja chake ni vitu viwili vinavyojuana, lakini kwenye kanzidata vinakaa kama mistari ndani ya majedwali. Katikati tunaweka zana ya kutafsiri. Wewe unasema "futa mtu huyu", yenyewe inaandika amri zote za kwenye majedwali. Inaokoa muda sana. Mwenzangu mmoja, nitamwita Shabani, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kanzidata, na hiyo zana hakuipenda. Aliniambia, "Dada, hiyo inakufanyia mambo usiyoyaona. Walau zisome amri zake kabla hujaziruhusu." Nikamwona mtu wa zamani.

Wakati naiandaa, niliielekeza kwamba mtu akifutwa, vyote vilivyo chini yake vifutwe naye. Nilikuwa nafikiria majina ya majaribio tu, sikutaka yaache takataka. Kisha nikasahau.

Mwaka jana bosi alilalamika kwamba ujumbe wa simu unaendelea kwenda kwa watu waliokwisha kufa na familia zinaumia. Akaniambia niwaondoe marehemu kwenye orodha ya ujumbe. Nikaona njia fupi ni kuwafuta. Nikawachagua, nikabonyeza. Mmoja wao alikuwa baba mdogo, mume wa huyu mama aliyenilea. Nakumbuka nilimwombea rehema, nikaenda kunywa chai. Sikujua kwamba kiwanja chake na picha za karatasi zake zimeondoka naye.

Karatasi zenyewe ndizo zinaniumiza zaidi. Mama mdogo alizihifadhi sandukuni miaka yote, mimi ndiye niliyemshawishi azilete ofisini ziingizwe kwenye mfumo. Akazirudisha kwake, masika paa la stoo yake likavuja, zikaoza, na mimi ndiye niliyesema zitupwe, si zipo kwenye kompyuta. Mashahidi wawili waliotia sahihi wote wameshatangulia mbele ya haki.

Kwenye ramani kile kiwanja kikawa kinaonekana hakina mwenyewe. Kikauzwa kwa baba mmoja wa Dar ambaye hana kosa lolote. Mama mdogo alikwenda kupalilia mihogo yake akakuta imeng'olewa na msingi umeshachimbwa. Alinipigia simu akiwa palepale. "Mwanangu, hawa watu wanasema sijawahi kuwa na kitu hapa. Hebu waambie wewe, wewe ndiye unayejua." Nilifungua mfumo, nikatafuta jina la baba mdogo, hakuna. Hapo nikaelewa kila kitu. Nikakimbilia nakala za akiba, nikakuta mpya zimeshaandikwa juu ya zile za zamani, na hizo mpya hazina kitu.

Malalamiko ya mama mdogo yalipomfikia, bosi alituita wote. Akauliza nani mwenye mamlaka na kanzidata. Shabani akasema, "Ni mimi, lakini sijafuta kitu." Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake. Sikufungua mdomo. Alifukuzwa siku ileile, na habari ikaenea kwamba amefuta viwanja vya watu ili viuzwe.

Wiki iliyofuata nilishindwa kula, nikamfuata bosi ofisini nikamweleza ukweli wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nyumba imeshafika kwenye linta. Ukisema, kiwanja hakirudi. Utakachopata ni kesi, na kampuni itafungwa, wenzako wote watakosa kazi. Nenda kafanye kazi." Nikaenda nikafanya kazi. Mume wangu hajui. Hakuna anayejua ila bosi, na sasa ninyi.

Mama mdogo alikwenda ofisi ya mtaa, akaenda kata, kote anaulizwa karatasi. Amekonda, haongei sana. Juzi nilimtembelea, nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Kisha akasema, "Wazee wameamua tusome Halbadiri Ijumaa. Aliyenidhulumu tumwachie Mungu. Mwalimu anataka jina kamili la yule Shabani, na la baba yake. Wewe umefanya naye kazi, niandikie." Akanipa karatasi na kalamu. Kwa mliokulia pwani sina haja ya kuwaeleza kisomo hicho cha kumwapiza dhalimu kinavyoogopwa. Nilimwambia, "Mama, na kama si yeye?" Akanijibu kwa upole, "Kama si yeye, kitampata mwenyewe. Andika tu." Nilimwambia jina la baba yake silijui, nitauliza. Nilikuwa nalijua.

Sijui nani alimfikishia Shabani habari hizi. Amerudi kwao Mbegani, hana kazi, mkewe ni mjamzito. Jana alinitumia ujumbe. Ameandika hivi: "Dada, nasikia natakiwa kusomewa. Nimekaa nafikiria kila nilichofanya mwezi ule, mpaka nimeanza kujitilia shaka. Labda nilibonyeza kitu bila kujua. Mfumo ule unaujua wewe kuliko mtu yeyote. Niambie tu ukweli, ni mimi niliyefuta?"

Nimeusoma zaidi ya mara kumi. Anaona kwamba nimeusoma. Sijamjibu, na Ijumaa ni keshokutwa. Ndugu zangu, mwenye neno la kunisaidia anipe, hata kama ni la kunisema. Nimjibu nini mtu huyu, na yule mama nimwingie kwa uso gani?