Njiwa Aliyetazama Friji

Ilibaki siku moja nifike mbele ya jopo ambalo lingeamua kama niendelee na uzamivu au nifungashe vitabu nirudi nyumbani. Utafiti wangu unahusu mihuri ya mikate ya Wabizanti, Wakristo wa dola ya kale ya mashariki, yaani vipande vya mbao au udongo vilivyogandamizwa juu ya unga uliokandwa ili mkate utoke ovenini na picha. Hoja yangu kuu, iliyokwisha kula kurasa arobaini na moja, ilikuwa kwamba njiwa wa muhuri mmoja aliacha alama inayotazama kulia, kwamba kulia ni mashariki, na kwamba mashariki ndiko kwenye matumaini yote.

Ili jopo lijionee, nilichonga muhuri kama huo. Shangazi, ambaye naishi kwake mtaa wa Thornton Heath, akakanda unga kabla ya kwenda kwenye shifti yake ya kutunza wazee. Nikagandamiza. Nikahesabu hadi thelathini. Nikainua, Shangazi akachungulia kutoka ng'ambo ya meza.

"Mbona huyu kuku anaangalia friji?"

"Ni njiwa, Shangazi."

"Sawa. Mbona huyu njiwa anaangalia friji? Kwenye ile picha ya kitabuni mwako anaangalia mlango."

Nikakaa. Nilikuwa nimenakili mchoro wa alama vilevile ulivyo, nikasahau kwamba muhuri hugeuza kila kitu, kama kioo. Njiwa wangu alitazama magharibi, kwenye machweo na kukata tamaa. Nikafikiria kuugua, kisha nikaanza kuchambua ni ugonjwa gani ungeaminika zaidi.

"Profesa, shida ni nini hasa?" Shangazi akanitania.

Nikamweleza habari za mashariki mpaka unga ukaumuka. Alinisikiliza anavyowasikiliza wazee wake, bila kukubali wala kukataa, kisha akazungusha sinia nusu duara.

"Haya. Sasa anaangalia mlango."

"Lakini miguu iko juu."

"Kwako. Mimi niko huku, namwona amesimama vizuri." Akafungua oveni. "Kwani hao watu wako walikuwa wanakaa upande mmoja wa meza wote?"

Katika kurasa zangu arobaini na moja hapakuwa na jibu.

Kesho yake niliweka mkate katikati ya meza, nikakiri kosa langu la kuchonga, kisha nikauliza swali lile la Shangazi kwa sauti ya mtu aliyelifikiria miaka mingi. Mjumbe mmoja akazungusha sahani ili aone vizuri. Wa pili akairudisha. Wakabishana karibu nusu saa, kila mmoja akimvutia njiwa upande wake, na msimamizi wangu, aliyeketi upande wa mkia wa njiwa, akamega mkia akaula.

"Swali hili umelitoa kwa msomi gani?" mmoja akauliza.

Nikasema ukweli. "Kwa shangazi yangu."

Wameniruhusu niendelee, kwa sharti kwamba niandike sura hiyo upya na nitaje chanzo. Nilimsomea shangazi tanbihi yenyewe. Akataka kujua kwa nini sikuandika kwamba unga aliukanda kwa mkono.