Kutoka Kaloleni Hadi Asembo Kutafuta Fimbo Iliyonyooka

Mimi ni kinyozi wa Kaloleni, Kisumu, na jirani yangu wa ukutani ni ukumbi wa pool. Kwa muda mrefu nilicheza kama wachezavyo vinyozi wengi, yaani kati ya kichwa na kichwa, taulo begani. Lakini mwaka huu mkono wangu ulitulia. Mipira ikaanza kuingia kwenye shimo nililolitaja mwenyewe, na watu wakaacha kucheka. Ndipo Odhis, fundi bomba ambaye pia ni kapteni wa timu yetu, alipokuja kinyozini, akakaa kwenye kiti cha wateja bila haja ya kunyolewa, akaniarifu kwamba Jumamosi tunacheza na timu ya Manyatta na kwamba amebakiwa na nafasi moja.

"Hiyo nafasi ni yako, Baba Tedi, lakini kuja na stick yako," alisema. "Hizi za hapa zimeisha. Ukikosa, naweka mtu mwingine."

Hakuwa na makosa. Ukumbi wetu una fimbo mbili. Moja imepinda, na nyingine ngozi ya ncha ilibanduka, mtu akaigandishia kipande cha soli ya kiatu. Nami nafasi ile niliitaka kuliko nilivyopenda kuonyesha. Mtu wa umri wangu, mwenye kitambi na watoto watatu, hachaguliwi timu kila siku.

Nilipomweleza mke wangu, Adhiambo, nilitarajia kugombezwa. Badala yake alifikiri kidogo, akasema mama yake mdogo wa Asembo anaendesha meza ya pool na ana fimbo tatu nzuri, alizonunua hoteli moja ya ufukoni ilipofunga milango. Anataka kuuza moja.

Kwetu dada ya mama mkwe naye ni mama mkwe, bila punguzo. Ukweni huendi mikono mitupu, hukai ovyo, hucheki hadi meno ya nyuma yaonekane, na zaidi ya yote hubishani bei. Sasa mtu apateje fimbo nzuri kwa bei ya haki mahali asipothubutu hata kuikagua? Nikamwambia mke wangu kwamba nitaanzia mjini.

Jumatano asubuhi nilikuwa mjini, kwenye duka la vifaa vya michezo. Nilionyeshwa fimbo ya vipande viwili iliyochorwa joka jekundu, ndani ya mfuko wenye zipu. Niliipenda papo hapo, na hilo lilinitia wasiwasi. Odhis alikuwa amenipa masomo: itazame kwa jicho moja, kuanzia kitakoni hadi nchani, uone kama imenyooka, ifunge kiungo chake na uigonge kiganjani usikie kama inalia, minya ngozi ya ncha, mambo ya rangi yaje mwisho. Nilifunga, nikagonga, ikalia kama kijiko kikombeni. Muuzaji akasema zile orijino ndivyo zinavyolia. Bei aliyoitaja ilikuwa ya joka, si ya fimbo. Nikaaga.

Kufikia saa sita nilikuwa Otonglo, kwa seremala niliyesikia kwamba anachonga chochote kinachochongeka. Alinitolea fimbo ambayo mteja wake hakurudi kuichukua. Ilikuwa imenyooka kweli, na vanishi yake iling'aa. Nikaiinua, mkono ukashuka wenyewe. Nikamuuliza ameichonga kwa mti gani, akasema ni ule ule anaochongea miguu ya vitanda, kwa hiyo nisihofu, haitavunjika. Alikuwa na hakika kwamba hata nikikosa mpira, mpinzani ataniheshimu. Nilimshukuru, nikamweleza kwamba natafuta fimbo ya kuchezea na mchi tunao nyumbani.

Nilikuwa bado barabarani pale Otonglo, nimekata tamaa, pikapu ya barafu iliposimama mbele yangu. Dereva wake, Ouma, ni mteja wangu. Kila siku hupeleka barafu Asembo na kurudi na samaki. Aliniuliza kama naenda mahali. Nikatafuta sababu ya kukataa, sikuipata. Nikamwomba anisubiri, nikakimbilia sokoni kununua sukari, mkate, mafuta ya kupikia na mananasi mawili ya ukweni. Fimbo yenyewe sijaiona, na tayari nilikuwa nimeanza kuilipia.

Kisian tuliiacha barabara ya Busia na kushika ya Bondo. Upande mmoja vilima vya mawe, upande mwingine ziwa likionekana na kupotea, na nyuma yetu barafu ikidondosha maji njia nzima. Ouma alinihutubia tangu Holo hadi Ndori kuhusu adabu za ukweni. Nisimkodolee mama macho. Nikipewa ugali nisiuache, na nikimaliza nisiseme nimeshiba sana, maana watadhani naona haya, wanipe mwingine. Ndori tukakunja kuelekea ziwani, na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa ikatupokea kabla ya mtu yeyote.

Asembo, Mama Awino, ndiye mama mdogo mwenyewe, alinikaribisha kwa sauti ya chini. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na zawadi zangu alizipokea bila kuzitazama, kama inavyopasa. Aliniita Orwa, yaani mkwe wetu. Nilikula samaki peke yangu sebuleni, nimekaa wima kama napigwa picha, kisha akanipeleka chini ya paa la mabati palipo na meza yake. Fimbo tatu zilisimama ukutani.

Nilichukua ya kwanza, nikaiinua hadi jichoni, na kule mwisho wa fimbo, katikati kabisa, nikauona uso wa Mama Awino. Niliishusha haraka. Mtu hamlengei mama mkwe fimbo. Nikageukia mlangoni, naye alikuwa amehamia mlangoni kuagiza chai. Nikageukia upande wa ziwa. Akapita upande wa ziwa kuanua nguo. Mwishowe nikasema zote tatu ni nzuri sana. Nilijisikia vibaya, kwani Jumamosi ilikuwa inakuja na mimi nachagua fimbo kwa kusifia.

Mama Awino akasema basi tuzijaribu mezani, mimi na yeye. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu jirani waliziacha wakaja kutazama.

Wasomaji wa nyumbani mtanielewa. Kumshinda mama mkwe mbele ya watu wa pwani yake ningeanzia wapi? Nilichokuwa sijafikiria ni kwamba naye alikuwa na shida ile ile: hawezi kumwaibisha mkwe aliyekula kwake. Mipira mingine tuliimaliza vizuri tu, kila mtu yake, kwa kuwa adabu haikatazi kucheza, inakataza kumaliza. Ukabaki mpira mweusi, ule unaoamua mshindi, mdomoni mwa shimo. Mama Awino akaupiga, akaukosa kwa upana wa kiganja. Nikapiga mimi, nikaukosa kwa upana wa viwili. Akaniambia pole, nikamwambia asante. Akakosa tena. Nikakosa tena. Mvuvi mmoja akauliza kama shimo limeziba, na mwenzake akaenda akatia mkono ndani kuhakikisha.

Mama Awino akalaza fimbo juu ya meza.

"Orwa, hii game itaisha lini?"

"Mama, mimi nakuheshimu."

"Na mimi nakuheshimu. Lakini siwezi kuuzia mtu stick na sijui kama anajua kuitumia. Sasa tucheze kama watu hawajuani."

Tukapanga mipira upya. Safari hii nilicheza kwa nguvu zangu zote, na nasema kweli, sijawahi kucheza vizuri vile maishani. Alinishinda nikiwa nimebakiwa na mipira mitatu. Pole hakuniambia. Wavuvi walipiga makofi, nami, ajabu, nilifurahi. Kifua kilikuwa kimefunguka kwa mara ya kwanza tangu Otonglo.

Kisha akaenda akasimama ukuta wa mbali, mikono kifuani, akanitazama.

"Chagua kama customer. Lenga hapa kwangu. Ukiona nimepinda, ujue ni stick."

Nikazilenga zote tatu. Katika ya kwanza, Mama Awino alikwenda kidogo kushoto. Ya pili ilikuwa imenyooka, lakini kiungo kililia kile kilio cha kijiko. Ya tatu ilikuwa ile aliyonishindia, nyeusi kitakoni, bila mchoro hata mmoja. Ilikwenda moja kwa moja hadi puani mwake. Ngozi ya ncha ilikuwa ngumu kiasi, kiungo kimya, na uzito ulikaa nyuma, mkononi, mahali unapotakiwa. Nikasema ni hii.

Nilipogusa mfuko, aliinua mkono. Bei ya mkwe, alisema, haitajwi mbele ya mkwe. Nicheze kwanza Jumamosi. "Ikishindwa, hiyo ni kuni, na mimi siuzii mtu kuni, utaweka tu. Ikishinda, nitaambia Adhiambo bei."

Alasiri tulirudi na mzigo wa samaki. Vipande viwili vya fimbo nilivifunga ndani ya karatasi za nailoni, nikavishika mapajani hadi Kaloleni, na bado harufu iliingia. Odhis aliiviringisha juu ya meza, ikaenda kimya bila kurukaruka. Akaitazama kwa jicho moja, akainusa, akauliza kama ni stick ama ni fulu wa ziwani. Lakini jina langu akaliandika.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Manyatta na sisi tulikuwa sare, na mchezo wa mwisho ukawa wangu, dhidi ya bwana mmoja fundi pikipiki asiyecheka. Mpira mweusi ulinibakia katikati ya meza, njia imenyooka hadi shimo la pembeni. Hapo ndipo shetani aliponijia. Nikikosa, fimbo nzuri kuliko zote za Kisumu ni yangu bure. Nikiuingiza, nitalipa, na bei siijui. Sitawadanganya, nilipaka chaki mara mbili zaidi ya inavyohitajika. Nikainama, nikafumba jicho moja, na kule mwisho wa fimbo nikamwona Mama Awino amesimama ukutani, mikono kifuani, amenyooka. Nikapiga. Mweusi ukaingia bila kugusa ukingo.

Walinibeba, ingawa si mbali, kwa sababu ya kitambi.

Nyumbani nilimkuta Adhiambo akizungumza na Asembo kwa simu. Nilisimama mlangoni kumsikiliza mke wangu akinitetea, maana sokoni hakuna anayemweza kwa kupunguza bei.

"Hapana, Mama," alikuwa akisema. "Hiyo ni kidogo sana. Ongeza."

Nikamfanyia ishara za mikono. Akanigeuzia mgongo. Wakavutana muda mrefu, mmoja akishusha, mwingine akipandisha, na aliyepandisha alikuwa wangu. Alipokata simu aliniuliza kama nilitaka ukoo wao uonekane unagawa vitu vyake kama watu waliofilisika.

Basi, kama nawe unatafuta fimbo, joka mwachie mwenye duka na mchi mwachie seremala. Itazame kwa jicho moja na isikilize kiungo, hata kama mbele yako amesimama mama mkwe. Ila kwenye bei usimtume mke kwa watu wake. Odhis amenipanga tena mwezi ujao. Asembo nilikwenda mwenyewe kulipa, nikalipa yote, na Mama Awino alipomaliza kuzifunga pesa kwenye leso, aliniuliza kama stick nimekuja nayo.

Nilikuwa nimekuja nayo. Safari hii alinishinda nikiwa nimebakiwa na mipira miwili.