Stesheni ya Kadibodi na Masizi Yake

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alifanya kazi miaka mingi kwenye stesheni ndogo ya njia ya Kisumu, enzi za injini za moshi, kisha akastaafu na kurudi nyumbani Migori, ambako reli haijawahi kufika. Mimi nilikuwa nikifundisha darasa la tano Homa Bay, na huko nako treni hakuna. Siku moja mwanafunzi aliniuliza kama treni ina usukani. Swali lile lilinichoma. Binti wa mtu wa reli, na darasa lake halijui treni!

Basi nilipokuta gari-moshi dogo la betri kwenye mafungu ya mitumba sokoni Oyugis, pamoja na vipande vyake vya reli, nililinunua haraka, nikiuficha uso wangu ili muuzaji asione furaha. Nilipigilia reli juu ya ubao kwenye kona ya darasa, nikaanza kujenga stesheni kwa kadibodi za sabuni na za mafuta ya kupikia. Nilijenga ofisi, tangi la maji juu ya miguu yake, kibanda cha ishara na nyumba za wafanyakazi. Kwa mabati nilibandua karatasi ya juu ya katoni, na ile mistari ya ndani ikatoka vizuri kabisa. Kuta nikazipaka nyeupe pepepe, na mapaa mekundu.

Siku ya wazazi ya muhula wa kwanza, Baba alikuja na fimbo yake. Mambo ya reli aliyasema kwa Kiswahili siku zote, hata nyumbani, kwa sababu ndicho alichokisema kazini. Akainama, akatazama, akanyooka.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "hii si stesheni. Hii ni keki ya harusi."

Wazazi wakacheka. Nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Mvua za Aprili zikaja kumaliza kazi, kadibodi ikanywa unyevu, mapaa yakajikunja na ofisi ikaegemea tangi. Niliapa kwamba siku ya wazazi ya muhula wa pili mzee yule atasimama mbele ya ubao wangu na kwa mdomo wake mwenyewe ataiita stesheni. Mtu akinitania mimi mbele ya watu, simsahau, hata akiwa amenizaa.

Nilijenga upya. Safari hii nilijiambia kwamba kadibodi lazima izibwe isinywe maji, na kwa kuwa mafuta na maji hayapatani, nikanunua mafuta ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ambayo Homa Bay hayakuwa haba. Nikaipaka ofisi yote, nikaianika dirishani nyumbani, nikaenda kanisani nikijisifu. Niliporudi, paka wa jirani alikuwa amekula paa na nusu ya ukuta, na alikuwa akilamba dirisha la tiketi. Nilimrushia kandambili nikamkosa.

Likizo ilipofika nilikwenda na ile ofisi ya kwanza, iliyopinda kwa mvua, hadi Migori, kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwislamu aliyehamia kutoka Mombasa na aliyewauzia mafundi wote wa mji. Nilitarajia acheke. Aliigeuza taratibu, akachungulia ndani.

"Mwalimu, ulipaka wapi?"

"Nje."

"Na ndani?"

"Ndani nani ataona?"

"Unyevu utaona. Fundi akipaka mlango upande mmoja, mlango hupinda, na huo ni mbao. Seuze karatasi? Chukua vanishi, izimue kwa thina iwe nyepesi. Paka nje na ndani siku hiyo hiyo, na kingo zake usizisahau, maana kingo ndizo zinazokunywa zaidi."

Niliporudi Homa Bay nilijenga tena, nikafanya vilevile alivyosema. Kadibodi iliyopata vanishi pande zote mbili ikakauka ngumu, ukiigonga inalia. Niliiacha nje usiku wa ukungu wa ziwani, na asubuhi nikaikuta imenyooka kama askari wa gwaride. Nilipiga kigelegele peke yangu uani.

Lakini ilikuwa bado keki, keki iliyonyooka tu. Nikaanza kutembea mjini nikikodolea macho kuta za maduka ya zamani mpaka wenye maduka wakaniuliza kama nimetumwa na baraza la mji. Niliona mambo ambayo nilikuwa nayapita kila siku. Matone ya mvua yakianguka kutoka kwenye paa huruka na kuacha mkanda wa udongo mwekundu chini ya ukuta. Kutu huanzia kwenye misumari, ikashuka kwa michirizi. Hakuna ukuta mweupe duniani ulio mweupe mpaka chini.

Nilichekecha udongo mwekundu wa barabara ya Migori kwa soksi kuukuu, nikaugonga kwa kitambaa chini ya kuta, na mwingine nikauzimua kwa thina kuchora michirizi ya kutu kwenye mapaa. Nilikwangua masizi kwenye chimni ya taa, nikayachanganya na thina, nikayapaka hasa upande wa tangi, mahali ambapo injini ingesimama kunywa maji ikipumua. Kisha nikafunga kazi yote kwa vanishi nyepesi, mara mbili. Iling'aa mno, kwa hiyo kabla haijakauka nikaipulizia majivu makavu, na mng'ao ukafa. Nilirudi nyuma hatua tatu nikaitazama. Ilikuwa mahali pa kazi, palipochoka vizuri.

Siku ya wazazi iliangukia Ijumaa. Mwalimu mwenzangu wa chumba cha pili alikuwa Mwadventista, na Ijumaa kwake ni siku ya kufua, kupiga deki na kufuta, ili Sabato isikute vumbi. Siku hiyo, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja, alinihurumia akaingia darasani kwangu mapema. Nilimkuta ameinama juu ya ubao, mkononi ana kitambaa cha maji ya sabuni, jasho linamtoka.

"Mwalimu, pole," akasema. "Hii nyumba zako zilikuwa chafu sana. Nimepanguza tangu saa moja, lakini uchafu imekataa kutoka."

Nilisogea. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye paa. Masizi yalikuwa palepale. Kutu palepale. Mkanda mwekundu haukupungua hata chembe, na hakuna ukuta uliovimba. Nilimkumbatia yule mama, kitambaa chake na yote, akadhani nimerukwa na akili.

Saa nne Baba akaja. Nilibonyeza swichi, gari-moshi likazunguka likapita ofisini. Hakulitazama. Alivuta kiti, akakaa, akaweka fimbo sakafuni. Alisogeza uso karibu na tangi. Kisha akanyoosha kidole, akasugua paa palipokuwa peusi zaidi. Akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Hayatoki," akasema.

"Hayatoki, Baba."

"Masizi haya, hata mama yako alishindwa nayo. Mashati yangu yote, kwa sabuni ya mche, miaka yote ile." Mama alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na tangu mazishi hatukuwa tumemsikia akimtaja.

Akageuka kwa wazazi waliokuwa mlangoni, akainua sauti ile ya kutangaza treni.

"Njooni, njooni muone stesheni yangu. Huyu hapa ndiye aliyeijenga. Mimi nilifanya kazi hapa."